Zimwi na Funda la Maji

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mama kijana, jina lake Nakiete, na mwanawe Senzia mgongoni.

Nakiete alikaa mlimani na mama mkwe wake, Bibi Namkunda. Mume alikuwa nyikani na ng'ombe. Kwao mtama mpya hauliwi kabla wazee waliotangulia hawajaonjeshwa. Kila mavuno mtu mmoja hupeleka unga msituni, kwenye mawe yao. Huchota funda la maji kijitoni, akakaa nalo kinywani, kimya. Ndege hunyamaza mtu akiingia. Mtu akitulia, huimba tena. Wakiimba, mtu hupuliza yale maji juu ya mawe, na wazee wamepokea.

Mwaka ule goti la Bibi Namkunda lilimkatalia.

"Nenda wewe, mkwe wangu. Na usimeze."

Nakiete akaenda na unga kibuyuni, akaumwaga, akachota funda lake, akakaa, lakini msitu kimya, mtoto analia, kitu kinachakarisha majani huko nyuma, sijui nyoka, sijui nini, akameza, akakimbia, hata kibuyu akakiacha.

Basi, jioni ile mlango ukagongwa. Zimwi limesimama, kile kibuyu limekivaa shingoni.

"Mimi ni babu yenu. Sijashiba!"

Likala mtama wote ghalani, likaondoka.

"Ulimeza?" akauliza Bibi.

"Nilimeza, mama."

Siku ya pili likarudi. "Mimi ni babu yenu. Sijashiba!" Likala mbuzi, na kamba yake.

Bibi Namkunda akasema, "Baba mkwe wangu nilimpikia mpaka anazikwa. Hakuna siku alisema hajashiba. Hata ugali ukiungua, anashukuru. Huyu si babu, mwanangu."

Siku ya tatu likarudi. "Mimi ni babu yenu. Sijashiba! Nipeni mtoto."

Nakiete akafunga kanga ya mtoto vizuri, akasema upesi kabla woga haujamziba mdomo:

"Shikamoo babu. Kama ni wewe, twende tukakae kwenye mawe yako. Maji kinywani, mimi na wewe. Ukingoja mpaka ndege waimbe, mtoto ni wako. Ukiyatoa kabla, wangu."

"Na wewe ukimeza?"

"Wako."

Zimwi likacheka. "Kinywa hiki kimemeza mbuzi na kamba yake, kitashindwa na maji?"

Wakaenda. Wakachota. Wakakaa.

Ndege kimya.

Senzia akalia. Nakiete hakuweza kumwambia nyamaza, akayumba tu, taratibu. Kitu kikachakarisha majani. Safari hii akageuka kutazama: kenge, anajipitia zake. Akatazama siafu wanaovuka jiwe. Akasikia kijito. Akasikia pumzi ya mtoto shingoni, na yake ikaifuata, mpaka mtoto akalala.

Ndege kimya.

Zimwi likajikuna. Likatazama juu. Likamtazama mtoto, mate yakajaa, yakachanganyika na maji, mashavu yakavimba kama vibuyu viwili.

Ndege kimya.

"Mbona hawaimbi hawa!" likafoka.

Maji yakamwagika miguuni pake. Miguu ikawa udongo. Magoti yakawa udongo. Tumbo likawa udongo.

"Mimi ni babu yenu," likasema, "sijashi—"

Kikabaki kichuguu, na kibuyu juu yake.

Hapo ndege mmoja akalia. Akajibiwa na mwingine. Msitu wote ukaimba. Nakiete akayapuliza maji juu ya mawe, yaliyobaki akampulizia mwanawe usoni. Senzia akaamka, akapiga chafya.

Nakiete akachukua kibuyu chake, akarudi nyumbani.

"Ulimeza?" akauliza Bibi Namkunda.

"Nimepuliza, mama."

"Haya, kaa. Kuna suke moja zimwi halikuliona. Tutapanda hilo."

Hadithi yangu imeishia hapo, pale kwenye kichuguu, na mpaka leo hakuna ndege anayetua juu yake.

Nanyi watoto, mkipelekwa kwenye mawe ya wazee, msimwage unga mkakimbia. Kaeni. Tulieni. Wazee wetu hawataki shibe, wanataka tukae nao kidogo.