Vitambaa Vitatu vya Asali

Ati maziwa ya mama yake ndiyo yameharibika. Mtu kaniambia hivyo jana, mtoto kaoza meno na bado ananyonya. Nikamwambia, hebu ngoja kwanza. Nanyi wajukuu zangu sogeeni, msikie yaliyomkuta mke wa Fisi.

Zamani hizo wanyama wana nyumba na wakwe kama sisi, Fisi alimwoa Nyamizi, wakamzaa Limbu. Meno ya Limbu yakawa meusi, yakamomonyoka, vikabaki visiki. Mtoto wa fisi, na hata gegedu halitafuniki. Akakonda, kutwa kulia.

Mama mkwe akaita kikao. "Maziwa yako mabaya, Nyamizi. Keshokutwa unarudi kwenu. Mtoto anabaki."

"Kwetu hatuozi meno," wifi akadakia. "Ugonjwa huu umekuja na begi lako."

Fisi mwenyewe kainama, anachorachora chini kwa kucha.

"Mie nashinda shamba," Nyamizi akasema. "Mtoto namwacha na nyie."

"Sasa unatusingizia?" mama mkwe akafoka.

Jirani yao alikuwa Pimbi, kale kanyama ka majabalini, kadogo, lakini kakilia kijiji kizima kinasikia. Akamnong'oneza Nyamizi, "Kesho alfajiri nenda shamba na mtoto kimya kimya. Niachie kanga yake."

Kesho yake Pimbi akajilaza chumba cha ndani, kwenye giza, kajifunika kanga gubigubi. Akaanza: ngweee, ngweee.

Mama mkwe akaacha kutwanga, akaja. "Nyamaza, mume wangu." Akamtia kinywani kitambaa kilicholowa asali. "Mama yako usimwambie."

Pimbi akakificha kwapani. Ngweee.

Akaja wifi. "Shika nawe, niache nisukwe." Kitambaa kingine.

Ngweee. Akaja Fisi, anapiga miayo. "Nyonya, baba, ulale." Cha tatu.

Jioni Nyamizi karudi na mtoto, anafunga mzigo, Pimbi akaingia, akaviweka vitambaa mbele yao. Nzi wakavivamia.

"Mliyekuwa mnambembeleza leo ni mie," akasema.

"Nilimpa kidogo tu," mama mkwe akasema.

"Na mie kidogo," wifi akasema.

"Nilidhani meno ya utotoni hayana neno," Fisi akasema, "si yataanguka tu?"

"Kila mmoja kidogo," Pimbi akasema, "kila siku, na analala na asali kinywani. Halafu anafukuzwa mama."

Mama mkwe akainuka, akaubeba mzigo wa Nyamizi, akaurudisha ndani. Meno ya Limbu hayakurudi. Lakini alipolia tena, bibi yake alimweka mgongoni, akazunguka naye uani, kiuno kinamuuma, mpaka akalala.

Mtoto akilia mbebeni; mkimziba mdomo kwa utamu, maumivu atabaki nayo yeye.

Kisa hiki msikae nacho, wajukuu zangu. Mkifika kwenu, mhadithieni anayeshinda na wadogo zenu.