Diski ya Vifua

Wahenga walisema mchezea zuri baya humfika, wala hawakusema hivyo kwa kuchukia mambo mapya. Walikuwa wamewaona watu wa namna ya Kapya. Mtu ana kitu kizima, kinamfaa yeye na jamaa zake, lakini mikono inamwasha mpaka akichokonoe. Kikishaharibika, anatazama kando kana kwamba kimeharibiwa na jirani.

Kapya alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi, enzi zile za Zaire ambapo wanaume wa ofisini walivaa suti za abakosti na kuitana citoyen, yaani mwananchi. Alisomeshwa na kaka yake Mutale, mfanyakazi wa tanuru, aliyemlea tangu baba yao alipofariki. Waliishi nyumba moja katika mtaa wa mji huo uitwao Kenya, pamoja na Mujinga, mke wa Mutale. Mujinga naye alikuwa mtunza diski katika chumba hichohicho cha kompyuta. Maneno yake yalikuwa machache, lakini akikasirika nyumba nzima ilijua.

Diski za siku hizo zilikuwa nzito, sahani juu ya sahani kama masinia ya arusi. Moja waliiita diski ya vifua. Humo mlikuwa na vipimo vya mapafu ya watu wa tanuru, mwaka baada ya mwaka, tangu mtu alipoajiriwa akiwa mzima hadi moshi ulipoanza kumla. Mwezi ule tume ya madaktari ilikuwa inakuja kutoka Kinshasa. Yeyote ambaye vipimo vyake vingeonyesha kwamba kifua kimeharibikia kazini angeondolewa tanuruni na kupewa kazi ya nje. Mutale alikuwa akikohoa hata akashindwa kumaliza bukari yake, ugali wa huko. Mujinga aliingoja tume hiyo kwa roho yake yote.

Kila diski ilipopachikwa, mashine iliambiwa kwanza masharti ya kuitumia. Sharti la siku zote lilikuwa la polepole: andika, soma ulichoandika, hakikisha, ndipo uendelee. Kapya alikuwa amepata sharti jipya kutoka kwa watengenezaji wa Ulaya, ambalo bado lilikuwa linajaribiwa. Kwa sharti hilo, mashine ilirundika maandishi katika kumbukumbu yake, kisha ikayamwaga kwenye diski kwa mkupuo mmoja. Lilikwenda kasi ajabu. Watengenezaji wenyewe walikuwa wameonya lisitumiwe kwenye diski yenye kitu cha maana.

Asubuhi moja, Mujinga alimkuta akiipachika diski ya vifua kwa sharti lile. Wajumbe wa Chama walikuwa wanakuja kutembelea kampuni mchana, na Kapya alitaka wamwone.

"Mulamu, ile diski iko muzuri," Mujinga alimwambia, maana huko ndivyo watu wanavyomwita shemeji. "Kama unataka kujaribu, kuna diski ya bure, haina kitu, mu kabati. Jaribu pale."

"Diski ya bure itaonyesha nini bale bantu ya Chama?" Kapya alicheka. "Kasi inaonekana na muzigo, mulamu."

"Kifua ya yaya yako iko mule ndani, Kapya." Yaya kwao ni kaka mkubwa.

"Najua. Itatoka salama."

Kabla ya adhuhuri radi ilipiga, umeme ukayumba; diski ikasita, ingawa mashine yenyewe haikuzimika. Mkupuo ulikuwa umefika nusu. Sasa Kapya alipoiuliza mashine kifua cha mtu huyu, ilimpa cha mtu mwingine, na mara nyingi haikumpa chochote.

Bado ilikuwako diski ya pili. Kila jioni Mujinga alinakili ile ya kwanza na kuifungia nakala katika zahanati ya kampuni. Kapya alimjia mbio, jasho likimtiririka, akaomba ufunguo.

"Umeisha kutoa lile sharti yako?"

"Nimeisha kutoa. Fanya mbio, wajumbe wako ku mulango."

Mujinga akampa ufunguo. Kumbe Kapya alikuwa hajalitoa. Kulitoa kulitaka mashine izimwe na kuwashwa upya, na aibu yake haikuweza kungoja kiasi hicho. Alipoipachika diski ya pili, mashine ilimwaga juu yake makombo yote iliyokuwa imeyashika kutoka ya kwanza. Mujinga alipoingia, diski zote mbili zilikuwa zimeharibika.

Mujinga aliwaka moto mbele ya wajumbe, hakujali abakosti ya nani. "Ya kwanza uliharibu na kiburi," alimwambia. "Ya pili uliharibu na bongo, na uongo yako. Umechukua ufunguo mu mukono yangu na bongo." Mkurugenzi alisema kosa ni la umeme, akawapeleka wageni hoteli ya Karavia wakanywe bia. Umeme! Kana kwamba umeme ndio uliokwenda kuomba ufunguo.

Tume ilipokuja haikukuta kitu. Madaktari walisema bila vipimo vya zamani hawawezi kujua kama kifua kililiwa na tanuru au na tumbaku. Watu wote walirudishwa tanuruni.

Asubuhi ya kurudi kazini, Kapya alianza kumweleza kaka yake habari za radi. Mujinga akatua sufuria kwa kishindo. "Mwambie ukweli, ama nitamwambia mimi." Kapya akasema yote, macho yakiwa sakafuni. Mutale alisikiliza huku akifunga viatu, akisimama kidogo kila kikohozi kilipomshika.

"Ile mashine ilikuwa inatumika muzuri mbele uiguse?"

"Ilikuwa inatumika muzuri, yaya."

"Na ulijua mimi niko mule."

"Nilijua."

Mutale akachukua kofia yake ya kazi na mfuko wa chakula. Kapya alinyoosha mkono ampokee mfuko, amsindikize hadi njiani. Mutale akausogeza mkono ule kando, taratibu.

"Acha," alisema. "Hii nayo iko muzuri."

Akatoka. Kikohozi chake kilisikika hadi mwisho wa barabara, na Kapya, aliyebaki mlangoni mikono mitupu, alikisikia chote, kwani mchezea zuri, baya humfika.