Nani Ameitikisa Ardhi?

Paukwa!

— Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya wenye njaa. Sogeeni motoni, nyie wa nyuma mnaosinzia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika bonde lililo chini ya mlima unaofuka moshi, wanyama walilima kama watu na kusengenyana kama watu. Ardhi ya bonde hilo ilikuwa na tabia ya kutikisika. Ikitikisika, vyungu vinagongana, watoto wanalia, na wote wanakimbilia uwanjani kwa chifu wao, Ndovu.

Hapo ndipo Nyani alipopata ulaji. Nyani alikuwa mpiga ramli, na alikuwa amewaaminisha wote kwamba ardhi haitikisiki mpaka mtu aikosee. Basi kila tetemeko lilitafutiwa mkosaji wake. Mkosaji alifukuzwa bondeni, na shamba lake akapewa mpiga ramli ili alitakase. Alilitakasa kwa meno.

Tetemeko la kwanza, Nyani alimwendea Kanga, mwenye shamba la kunde.

"Ulikuwa ukifanya nini ardhi ilipotikisika?"

"Nilikuwa nachakura, baba. Mbona nachakura kila siku?"

"Umeikwaruza ardhi! Nenda!"

Kanga akaenda zake, na wanawe saba nyuma yake. Wenzake wote wakainama, wakatazama kucha zao.

Tetemeko la pili, Nyani alimwendea Digidigi, mwenye shamba la viazi vitamu.

"Ulikuwa ukifanya nini ardhi ilipotikisika?"

"Nilikuwa naruka kijito."

"Umeikanyaga ardhi! Nenda!"

Digidigi naye akaenda zake. Wenzake wakatazama kucha zao tena.

Sasa, bondeni humo aliishi Nungunungu, mjane, ambaye mihogo yake ilikuwa mitamu kuliko mihogo yote. Alijua zamu yake haiko mbali. Lakini alikuwa mdadisi, na kuna jambo lilimkera. Kibuyu chake cha maji, kilichoning'inia darini, kilikuwa kikipepesuka chenyewe hata siku ambazo hakuna aliyehisi tetemeko. Akafunga jiwe zito kwa kamba, akalining'iniza mahali pa kibuyu. Chini ya jiwe akafunga mwiba mmoja wa mgongoni mwake, na chini ya mwiba akaweka ungo wa majivu yaliyochekechwa, ncha ikigusa majivu kidogo tu. Nyumba ikitikisika, ungo unakwenda nayo, jiwe zito linachelewa, na mwiba unachora.

Mwiba ulichora asubuhi. Ulichora mchana. Ulichora Nungunungu akiwa hajasikia chochote! Ndovu akipita, ulichora mikwaruzo mifupi mifupi, na hiyo akaizoea. Ya ardhi ilikuwa mirefu, na kila mkwaruzo mrefu aliufungia fundo kwenye ukamba kabla ya kusawazisha majivu. Siku nne, mafundo ishirini na tisa.

Akamuuliza Mbayuwayu, msafiri wa nchi za mbali.

"Ni hapa kwetu tu?"

"Weee!" Mbayuwayu akacheka. "Duniani hakuna siku ardhi inatulia, shoga yangu. Leo kule, kesho huku, mara nyingine chini ya bahari. Ndogondogo hazina idadi. Za kubomoa nyumba ndizo chache. Na wenyeji wa huko nao wana mawe yao ya kuning'iniza, wanapelekeana habari: kwetu imepita, je, kwenu?"

Nungunungu akatabasamu.

Tetemeko la tatu lilipokuja, Nyani alifika uwanjani akiwa tayari na kapu.

"Nungunungu! Ulikuwa ukifanya nini ardhi ilipotikisika?"

"Nilikuwa nachimba mihogo."

"Umeichimba ardhi! Nenda!"

"Nitakwenda. Ila niambie mbele ya chifu: kila tetemeko lina mkosaji?"

"Kila moja!"

"Hata dogo?"

"Kubwa, dogo, dogo la dogo! Lazima kuna asiyetulia!"

"Basi kesho twende kwangu, tuketi tumetulia, tulitazame jiwe nililoning'iniza, lenye mwiba unaochora majivuni ardhi ikitikisika, mpaka jua lizame. Mwiba usipochora, nitaondoka na mihogo ni yako. Ukichora, tumtafute asiyetulia."

Ndovu akakubali haraka, maana kuketi alikupenda sana. Nyani akacheka hadi akashika mbavu.

Kesho yake bonde zima liliketi uani kwa Nungunungu, wakilichungulia jiwe kupitia mlangoni. Hakuna aliyejikuna. Sisimizi aliingia mkongani mwa Ndovu, na Ndovu akazuia chafya mpaka machozi yakamtoka. Nyani tu ndiye aliyezunguka. "Mimi ni mkaguzi," alisema, akakagua mihogo, shina baada ya shina.

Jua likapanda. Mwiba kimya. Jua likafika utosini. Mwiba kimya. Jua likaanza kushuka. Nungunungu aliogopa kweli. Aliliona shamba lake, akajiona njiani bila pa kulala.

Krrrr.

Mwiba ulichora, mrefu, katikati ya majivu. Hakuna aliyesikia hata mtikisiko. Wote wakatazamana: huyu ametulia, yule ametulia. Kisha wakageuka. Nyani alikuwa amesimama na mihogo kwenye mashavu yote mawili.

"Nyani," Ndovu akasema, "ulikuwa ukifanya nini ardhi ilipotikisika?"

"Mm-mm."

"Meza kwanza."

Akameza. "Nilikuwa... natakasa."

"Umeitafuna ardhi!" bonde zima likapiga kelele. "Nenda!"

"Ngojeni, ngojeni!" Nyani akapiga magoti. "Ardhi hutikisika yenyewe! Haina mkosaji!"

"Na siku ya Kanga?"

"Yenyewe!"

"Na siku ya Digidigi?"

"Yenyewe, chifu wangu, yenyewe!"

Ndovu akapiga chafya yake, kisha akampa Nyani jembe, la kwanza maishani mwake, akamwonyesha shamba la kunde.

Wote wakashangilia. Nungunungu alishangilia kidogo tu, akashika njia ya nyikani kuwatafuta waliofukuzwa. Digidigi aliitwa mara moja, akaja mbio. Kanga alipatikana chini ya kichaka cha miiba, na wanawe saba wamebaki watano.

"Rudi nyumbani, dada. Imejulikana hukukosa."

Kanga hakuinuka. "Siku ile nilipofukuzwa, ulikuwepo?"

Nungunungu angeweza kudanganya. Aliona haya, haya ya kweli.

"Nilikuwepo. Nilijua unachakura kila siku. Nilinyamaza."

Kanga akamtazama sana. Kisha akawakusanya wanawe.

"Tangulia," akasema. "Kila hatua kumi, uyaseme hayo kwa sauti. Tukifika uwanjani, uyaseme mara mbili."

Nungunungu akatangulia, akihesabu hatua. Na walipofika uwanjani, aliposema "nilinyamaza" mara ya pili, Ndovu akainuka taratibu, akasema, "Hata mimi." Na baada yake mwingine, na mwingine, hadi uwanja mzima.

Nami hadithi yangu naitua hapo hapo, uwanjani, iketi nao.