Mkia wa Bi Ngiri Hausemi Abee

Mwenye jembe aliweke chini, mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana hadithi hii haimpendi msikilizaji mwenye haraka.

Hapo kale jua liliwaka nyikani mpaka mto ukasahau kwamba ulikuwa mto. Ulibaki mchanga mtupu, na juu ya mchanga nyayo za waliokuja na kiu wakaondoka nayo. Maji yalikuwapo, ila yalikuwa chini kabisa, na katika nyika nzima ni mnyama mmoja tu aliyekuwa na meno ya kuyafukua. Huyo ni Bi Ngiri.

Bi Ngiri alikuwa na watoto wanne, na mdogo wao aliitwa Kidevu. Mume alikuwa naye pia, lakini alikwenda kutafuta malisho, na habari zake zilikuja kwa nadra kuliko mvua. Kwa hiyo mama huyu alikwenda mtoni, akachagua mahali penye ubaridi, akaanza kuchimba kisima. Angekimaliza upesi, kama si neno moja alilofundishwa na mama yake. Neno lenyewe ni “abee.”

Nyika hiyo ilikuwa na sheria ya Mzee Simba: *aliyeitika amekubali.* Ukiitwa ukasema “abee,” au “naam” kama ni dume, kazi utakayotajiwa ni yako. Sheria hiyo aliitangaza Fisi, tarishi wa Simba, na hakuna aliyeipenda kama yeye.

“Bi Ngiri! Bi Ngiri wee!”

“Abee!”

“Haya, umeitika. Mzee anataka pango lake lifagiliwe.”

“Lakini Bwana Fisi, ndiyo kwanza nimeshika mchanga—”

“Umeitika, hukuitika?”

“Nimeitika.”

“Basi fagia. Tena ufagie Mzee akiwa matembezini. Hapendi kuona sura za wafagiaji.”

Bi Ngiri akaenda kufagia. Aliporudi, upepo ulikuwa umerudisha nusu ya mchanga kisimani. Akaingiza meno, akafukua, akafukua. Mara ikaja sauti nyingine.

“Jirani! Jirani yangu wee!” Huyo alikuwa Bi Pundamilia.

“Abee!”

“Mwanangu anaolewa na mistari yake imefifia kwa vumbi. Njoo umkoleze kwa mkaa. Wewe una mkono mwepesi.”

Mistari ya pundamilia si michache. Aliporudi mtoni mchanga ulikuwa umeporomoka tena. Kabla hajafukua, Fisi akamwita: Mzee anataka ngoma yake iwambwe upya. Bi Ngiri akasema abee. Kisha Mzee anataka kuni. Abee. Kisha Mzee anataka zile kuni zipangwe, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa. Abee, abee. Na kila jioni alirudi shimoni kwake akiwa amefanya kazi za watu wote isipokuwa yake.

Asubuhi moja alikuwa akikimbia, ufagio mdomoni na masizi ya mkaa usoni, akasimama ghafla katikati ya njia. Alitazama mbele. Alitazama nyuma. Hakukumbuka alikuwa anakwenda wapi.

Chini ya kichaka Sungura alikuwa amelala chali, mguu juu ya mguu.

“Mama Kidevu,” alisema, “unakimbizwa na nani?”

“Na kazi.”

“Ipi?”

“Ngoja nikumbuke.”

Sungura akacheka mpaka masikio yakagongana. “Shemeji, umefika pabaya. Hebu weka ufagio chini, unitajie kazi zako, na mimi nitakuuliza swali lile lile kwa kila kazi. Haya.”

“Kumkoleza bibi harusi. Upande wa kushoto bado.”

“Ukiacha, nani atanuna?”

“Mama yake. Atanuna na kunisema mpaka masika.”

“Akinuna, kuna atakayekufa?”

“Kwa kununa? Hapana.”

“Basi iangushe. Kusemwa ni kwa walio hai. Nyingine?”

“Kufagia pango la Mzee.”

“Ukiacha?”

“Mzee atanuna. Huyo akinuna huunguruma.”

“Uliwahi kumsikia, au unaletewa ngurumo na Fisi?”

“Naletewa.”

“Iangushe nayo. Nyingine?”

“Kisima changu.”

“Ukiacha, nani atanuna?”

Bi Ngiri alimkumbuka Kidevu. Asubuhi ile Kidevu hakulilia maziwa. Aliinua kichwa tu, akamtazama mama yake akitoka na ufagio, akakilaza tena.

“Hakuna atakayenuna,” alisema polepole. “Watoto hawanuni. Wananyamaza tu.”

Sungura hakucheka safari hiyo. “Sasa umekumbuka ulikuwa unakwenda wapi,” alisema.

“Lakini wataniita! Na mimi nikiitwa siwezi kukaa kimya kama gogo. Sikulelewa hivyo.”

“Nani kakwambia ukae kimya? Itika. Itika kwa mkia. Sheria inataka abee, na mkia haujui kusema abee. Wao wataona umesikia, na wewe utakuwa hujakubali kitu.”

Bi Ngiri aliutazama ufagio uliolala mavumbini. Hakuuokota. Aliwachukua wanawe, akawalaza penye kivuli cha ukingo wa mto, akatumbukiza kichwa mchangani.

Haukupita muda. “Bi Ngiri wee! Bi Ngiri!”

Mkia ukasimama wima kama mwenge.

“Nakuita mimi, tarishi wa Mzee!”

Mkia ukabaki wima, na kile kishungi cha nywele nchani kikicheza upeponi. Chini yake mchanga uliruka, pu, pu, pu.

“Sema abee!” Fisi alizunguka mbele, lakini mbele hapakuwa na uso, palikuwa na shimo. Akarudi nyuma, akakutana na mkia. “Umenisikia, hukunisikia?”

Mkia ukatikisika mara moja. Umesikia.

Bi Pundamilia naye alikuja, akaita mpaka koo likamkauka, akaondoka akipiga kwato. “Jamani, ujirani umekufa!” alimwambia kila aliyekutana naye. “Leo nimezungumza na mkia!”

Sasa Fisi alikuwa taabani, na sababu yake ni hii. Kazi zile zote Simba alikuwa amempa yeye. Simba angewagawia wanyama wengine, lakini kila kazi ililipwa mfupa, na Fisi akaitikia zote: naam, naam, naam. Mifupa akala yeye, kazi akazibwaga kwa Bi Ngiri. Na siku ile haikuwa siku ya mchezo. Wakwe za Simba walikuwa njiani. Pango lilitakiwa kufagiliwa, ngoma ipigwe wageni wakikaribia, na paja la nyati lililotengwa kwa ajili yao lilindwe dhidi ya wezi.

Sungura alimkuta akihema. “Bwana Fisi, mwambie Mzee mambo yamekuzidi. Linda nyama, hayo mengine wapewe wenzako.”

“Wenzangu wapewe na mifupa yake?” Fisi aling’aka. “Kila kazi ina mfupa, na kila mfupa una mwenyewe. Sitoi hata mmoja!”

Akalishika paja la nyati mdomoni, apate kulilinda akiwa safarini. Akaitundika ngoma shingoni. Ufagio akaubana kwapani. Akaanza kwenda kwa miguu mitatu kuelekea pangoni, dum, dum, kwruu. Angefika, kwani palikuwa karibu. Lakini njia ilipita ukingoni mwa mto, na pua yake ikanusa watoto wa ngiri.

“Aa,” aliwaza, “mama yao kichwa kiko chini. Nichukue mmoja tu, yule mdogo, nipate nguvu za kufagia.”

Bi Ngiri alikuwa ndani ya kisima mpaka mabegani. Mchanga ulikuwa umeanza kuwa baridi, kisha mbichi. Mara kivuli kikamziba mwanga, na harufu ya Fisi ikashuka shimoni. Alimsikia Kidevu akitoa sauti ndogo. Alijua kwamba akianza kujivuta kinyumenyume kutoka shimoni hatawahi, na akipiga mayowe hakuna wa karibu wa kuyasikia.

Basi akafanya kile ambacho Fisi alimfanyia siku zote. Akaita, kwa sauti ya adabu kabisa:

“Bwana Fisi! Bwana Fisi wee!”

Fisi alikuwa tarishi tangu ujana wake. Kuitika kulikuwa damuni.

“Naam!” akajibu.

Mdomo ukafunguka. Paja la nyati likaanguka kisimani. Fisi akalirukia, ufagio ukamtoka kwapani, ukampiga mtama, ngoma ikakatika shingoni, ikabiringika ukingo mzima mpaka chini, dum! dum! dum! dum! Ngoma ya Simba haikuwahi kulia vizuri vile. Aliyeiwamba alikuwa na mkono mwepesi.

Na Simba aliposikia ngoma, alijua wageni wamepokelewa. Wakwe nao waliposikia ngoma, walijua mwenyeji anawaita. Wote wakafuata mlio, wakakutana mtoni. Hapo walimkuta Bi Ngiri amekwisha kutoka shimoni, amesimama mbele ya wanawe, meno nje, uso mchanga mtupu. Na Fisi amelala kifudifudi ukingoni, mkono mmoja kisimani akipapasa nyama.

Simba aliona aibu mbele ya wakwe zake, na Simba akiona aibu husimamisha manyoya ya shingo. “Hii ni nini?”

“Mzee,” Fisi alisema haraka, “huyu mama amekataa wito wako! Nimemwita kwa jina lako, akanijibu kwa mkia!”

“Wito wangu?” Simba alimtazama Bi Ngiri kutoka juu mpaka chini. “Mimi sijawahi kumwita mtu huyu. Hata jina lake silijui.”

Bi Ngiri aliyasikia maneno hayo yakimwingia kama mchanga machoni. Pango lile lote. Kuni zile zote, ndogo kwa ndogo, kubwa kwa kubwa.

“Mimi ni Bi Ngiri,” alisema. “Nimefagia pango lako tangu kiangazi kianze, maana tarishi wako alisema unaniita. Leo nimechagua kuchimba maji.”

Kabla Simba hajajibu, paja la nyati likaelea juu. Ndiyo, likaelea, kwa sababu maji yalikuwa yamebubujika kutoka kwenye ule mchanga mbichi, kisima kikajaa. Mama mkwe wa Simba, aliyekuwa na kiu tangu nyumbani, hakungoja kukaribishwa. Alikunywa, akajifuta, akasema, “Mwanangu, mapango nimeshayaona mengi. Maji sikuyaona popote.”

Simba akavimba kwa fahari kana kwamba amechimba yeye. Kisha akageuka. “Nyika hii inahitaji visima vingine mpaka mvua inyeshe. Fisi!”

“Naam!” akasema Fisi, kisha akauziba mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa.

“Aliyeitika amekubali,” alisema Simba.

Fisi akachimba. Hakuwa na meno ya kazi ile, akatumia mikono, mgongo umeinama, juani, mpaka mgongo wenyewe ukasahau kunyooka. Mtazameni mpaka leo, nyuma chini, mbele juu. Nyama walikula wakwe.

Kidevu alikunywa, akanywa, kisha akaanza kulilia maziwa kwa kelele za kutoboa masikio. Kelele zile zilimuudhi mama yake, naye akashukuru kuudhika. Bi Pundamilia alikuja kuteka maji pamoja na wengine, akanywa huku amenuna, akaondoka huku amenuna, na hakufa.

Na ngiri hadi leo akipita nyikani mbio, mkia wima, msiseme amesahau anakwenda wapi. Ameitwa, amesikia, ila ana kazi moja mbele yake. Fisi angekuwa na mkia wa namna hiyo angekula mfupa wake kwa amani. Lakini ndiyo hivyo: mshika mbili, moja humponyoka.