Nondo Aitwe Nani?

Naomba radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Nimeshaiharibu harusini mara mbili, na msibani mara moja, wafiwa wakacheka.

Ndani ya miombo, kwenye kambi ya warina asali, walikaa watatu. Milembe alikuwa na macho: aliona hata nyuki akipiga miayo. Shemeji yake Kapufi alikuwa na subira: angeweza kuchemsha maharage kwa jua. Binamu yake Mihambo alikuwa na ubishi: alibishana na mwangwi wake, akashinda.

Desturi ya kambi ilikuwa hii: mdudu mgeni huitwa kwa jina la aliyemleta. Milembe hakuwa na mtoto wala mjukuu wa kubeba jina lake. Alilitaka hilo kuliko asali.

Siku moja Mihambo aliinua shoka akate tawi la muyombo liwe kuni. Milembe akaona mayai chini ya jani, madogo kama ulezi.

“Shusha shoka, binamu! Kuna watoto hapa!”

“Wa kwako?”

“Wangu kabisa. Sura mbaya wamechukua kwa mjomba wao, wewe!”

Mayai yakaanguliwa. Ndege wakala viwavi wote, akabaki mmoja. Kapufi akamlisha. Hakula ila majani ya muyombo. Mengine aliyatazama kama mkwe aliyepakuliwa ugali mbichi. Mwezi mzima Kapufi akamletea majani kila asubuhi na kumfukuzia ndege.

“Shemeji, tumbo lake kama lako,” Milembe akamtania.

“Basi mheshimu.”

Kisha kiwavi akajifukia kando ya mafiga. Kapufi akalia, “Amekufa!” Milembe, na macho yake yote, hakuona kitu. Wakataka kuwasha moto palepale.

“Amekufa akajizika mwenyewe?” Mihambo akabisha. Akabisha siku tatu, hadi wakahamisha mafiga.

Mvua za kwanza zikanyesha. Udongo ukapasuka, akatoka nondo: mbawa rangi ya gome, akitua shinani humwoni, akizifunua, macho ya bundi yanakukodolea. Kinywa cha kulia chakula hana, na siku zake ni chache.

“Aitwe Milembe,” Milembe akasema. “Bila mimi mngeyachoma mayai.”

“Na nisingemlisha?” Kapufi akauliza.

“Na nisingebisha?” Mihambo akabisha.

Nilikuwa napita, wakaniita niamue kabla nondo hajaondoka. Nikaomba asali kwanza, nipate kufikiri. Nilipomaliza kulamba vidole, nondo alikuwa ameshaolewa, ametaga, na amekufa bila jina.

Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi: mayai yanakaribia kuanguliwa, Milembe anangoja, na wale watatu wamekubaliana jambo moja tu, kwamba mimi nisiitwe tena.