Nge Aliyekosa Kundi

Zamani hizo, wajukuu, mawe yakiwa bado mabichi, kila mnyama mwenye tumbo kubwa alipewa cheo. Kenge alikuwa na tumbo. Akafanywa Mwandikishaji Mkuu wa Watoto, akakalia kichuguu, na amri ikatoka: mtoto asiye na kundi ni mali ya serikali. Na serikali ilikuwa nani? Kenge. Nayo ilikuwa na njaa.

Nge akaja na wanawe wachanga, weupe, laini kama punje za wali. Wakati huo watoto wa nge walitembea chini, nyuma ya mama yao.

"Umetaga mayai?" akauliza Kenge.

"Sikutaga. Nimezaa."

"Basi unanyonyesha."

"Sinyonyeshi."

"Wadudu wana miguu sita. Wewe?"

"Minane. Hesabu mwenyewe, bwana mkubwa, macho unayo."

"Bibi, usinifundishe kazi. Hutagi, hunyonyeshi, na miguu imezidi. Hao hawana kundi."

Hapo, wajukuu, ulimi wa Kenge ukatoka, mpana, mzima, kama upawa, ukamchota mtoto wa mwisho. Utaratibu ulifuatwa.

Nge hakulia. Iko hasira inayopiga kelele na iko inayonyamaza, yake ilinyamaza. Akatazama magando yake: membamba, hata panzi huponyoka. Akatazama mkia: mnene. Hasira ikashuka mkiani, ikashuka, ikashuka, mpaka ncha ikavimba.

"Pandeni," akawaambia wanawe.

"Wapi, mama?"

"Mgongoni. Anayeanguka apande tena."

Wakapanda, wakabanana.

"Hairuhusiwi kubeba mali ya serikali," akasema Kenge.

"Ulitaka kundi lao. Ndilo hili. Njoo uliandike."

Ulimi ukaja. Mkia ukapita juu ya vichwa vya watoto, ukatua katikati ya ulimi, ukaupasua ncha mbili.

Kenge akakimbilia porini na cheo chake. Mpaka leo hutoa ulimi wa panda, akaurudisha, akautoa tena, kama karani aliyesahau kifungu cha sheria.

Na Nge? Yule mtoto mmoja hakurudi, wala hasira haijapoa. Huwabeba wanawe mpaka wavue ngozi ya kwanza, mkia umekunjwa juu, tayari.

Basi siku mtakapokalia viti vikubwa, wajukuu, mama akija na wanawe, msimhesabu miguu. Mpisheni akae.

Kisa changu kimerudi chini ya jiwe. Anayekitaka zaidi alifunue, kwa mkono wake mwenyewe.