Joto la Sebuleni

Tulieni, ndugu zangu, niwaambie habari ya bwana mmoja wa milima kama hii yetu, ambako mwezi wa Juni umande huganda juu ya nyasi. Mungu alikuwa amemjalia. Akajenga nyumba nzuri, kisha akaenda mjini na mama yake kununua mashine ya kupasha nyumba joto, ile inayovuta joto dogo lililomo kwenye hewa ya nje, hata kukiwa na baridi, na kulileta ndani.

Dukani akaonyeshwa mbili, bei ile ile. Moja ilikuwa na matundu matatu ya kutolea joto, ungeweza kuyagawa vyumbani, ila sura haikuwa nayo. Ya pili ilikuwa na tundu moja tu, la chumba kimoja, lakini inang'aa.

Mama, ambaye chumba chake kilikuwa uani, akamgusa mkono. "Mwanangu, hiyo ya matatu ingenifikia na mimi."

Bwana akatabasamu. "Mama, wewe baridi umeizoea. Wageni hawajaizoea."

Mnacheka? Nani hapa hana kabati la vikombe ambavyo watoto wake hawajawahi kunywea? Basi mashine ikafungwa sebuleni, na rimoti ikawekwa kabatini, bado imo kwenye nailoni yake. Akija mchungaji, inawashwa. Mchungaji akiaga, inazimwa. Mama alilalamika kwamba magoti yanamuuma, akaambiwa avumilie, jiko lake la mkaa si lipo?

Baridi ilipozidi, akaliingiza jiko chumbani, akaziba dirisha kwa kanga. Hakuamka.

Watu wakajaa msibani. Bwana akafungua kabati, akaitoa ile rimoti, akawasha mashine ili waombolezaji wasipate baridi. Jeneza likaletwa, likawekwa katikati ya sebule. Ndipo mama yake mdogo akamsogelea, akamwambia taratibu, "Izime, mwanangu. Maiti hawekwi kwenye joto."

Akaizima. Mama yake alilala sebuleni mara moja tu, na siku hiyo kulikuwa na baridi kama uani.

Inaniuma kulisema, kwa sababu bwana yule ni sisi. Maneno mazuri tunawawekea wa nje, wale watakaotusifu wakifika kwao. Wa ndani tunamwambia, wewe umezoea. Umezoea kula mwisho. Umezoea kufokewa. Mke amezoea, mzee amezoea, dada wa kazi amezoea. Nani aliwaambia kuna mtu anayezoea? Wamechoka kusema, basi.

Kwa hiyo leo ibada ikiisha, msipange foleni mlangoni kunipa mkono. Mimi ni mgeni kwenu. Nendeni nyumbani mkamwangalie yule wa uani, wakati bado anasikia baridi.